Siku Pole Zilipoziba Simu ya Upepo

Mtani wangu Athumani,

Sikuamkii. Ulipokuwa hai hukuniamkia hata siku moja, ukidai ati Mzaramo haamkiwi, anaamshwa. Basi na wewe lala hivyo hivyo usikilize. Nimekaa katika kibanda cha betri nyuma ya ofisi, jenereta nimeizima, na karatasi hii nimemwomba karani Bakari nikimdanganya kwamba naandika hesabu ya maji ya betri. Ustadhi wetu akijua kwamba namwandikia maiti, atanipa nasaha mpaka jioni. Yasini nimekusomea, usidhani sikusoma. Nilipofika nisipopajua nilipunguza sauti nikaendelea kuchezesha midomo, kama unavyonijua. Na shule yangu unaijua pia: darasa la pili, na hilo la pili lenyewe sikulimaliza. Herufi zikipinda, pinda na wewe shingo. Kazi nyingine huna.

Nina mambo mawili. La kwanza ni habari. Binti yako Tatu alishikwa na uchungu kule kwa mumewe Fukayosi siku ya pili ya matanga yako, mtoto akakataa kutoka, na gari halikuitwa kwa wakati, kwa sababu simu ya upepo ilikuwa imejaa watu wanaokulilia wewe. La pili ni ombi, na linamhusu mkeo. Hilo nitalisema mwisho. Nikilisema sasa utabisha kabla hujasikia sababu, nakujua.

Kwanza nikupe ya mazishi, ufurahi kidogo. Tulikuzika baada ya alasiri, na watu walikuwa wengi kuliko ulivyostahili. Watani tulifanya kazi yetu. Nilivaa kanzu yako ya Idi, ile yenye doa la mchuzi wa pweza, nikavaa na vile visikilizio vyako masikioni, nikasimama mbele ya jeneza nikalizuia. Nikasema hapiti mtu hapa! Huyu Mnyamwezi babu yake alishuka pwani na mzigo wa watu kichwani, alipoiona bahari magoti yakamwishia, akabaki. Leo mjukuu naye anaondoka bila kuaga, mzigo wake anamwachia nani? Wakacheka. Nikajitia naita kwa sauti yako ya puani, "Kaburini, Kaburini, Bagamoyo anakuita. Pokea mzigo mmoja, mzito, una ubishi." Sheikh akageuza uso upande wa pili, mabega yanamtikisika. Mkeo alikuwa ndani na wanawake, lakini alisikia. Wameniambia alicheka akalia papo hapo, akasema, "Kondo mshenzi yule, mwacheni." Sijapata kupewa heshima kubwa kuliko hiyo nyumbani kwako.

Usiniulize niliporudi kwangu nilifanya nini. Mtani halii makaburini, hiyo ndiyo sheria. Sheria haikusema lolote juu ya uani kwangu.

Sasa tuje kwenye simu.

Wewe ndiye uliyeilea tangu ilipoletwa, mimi nikiwa mtu wa betri tu. Nazichaji, nazitia maji, nazipakia kwenye lori, nazipokea zilizokufa. Ilipoanza vituo vilikuwa sisi na Miono peke yetu, tunaitana hewani, na ilikuwa raha. Mtu alizungumza mpaka koo likamkauka. Ikaja Fukayosi, ikaja Mapinga, kisha vijiji vipya vilivyohamishiwa watu, na kila kijiji kinataka sauti yake isikike mjini. Njia ya kupitia ikabaki ile ile moja. Nakumbuka ulivyotueleza siku ile barazani, watu wamekuja juu, kila mmoja anasema kituo cha mwenzake kinamwonea. Ukasema hiki ni kisima chenye kamba moja. Njooni na ndoo zote mlizo nazo, inayoteremka ni moja. Wawili wakibonyeza pamoja hapiti hata mmoja, utasikia mlio kama paka aliyekanyagwa mkia. Na yule aliyekosa anadhani dawa ni kuongeza nguvu ya mashine. Anaongeza. Mwenzake wa upande wa pili naye anaongeza. Mwisho wote wawili betri chini, na neno halijafika kokote.

Mimi ulinipa hesabu ya tumbo, maana ndiyo ninayoielewa. Ulisema kusikiliza ni kunywa kahawa, kusema ni kula pilau. Betri inayosikiliza tu itakaa siku na siku, lakini mtu akikalia kibonyezo anaimaliza kabla ya adhuhuri. Nikakujibu kwamba wewe ungekuwa betri tungeshakutupa jalalani zamani. Ukacheka mpaka ukakohoa kile kikohozi chako. Wakati huo tulikuwa tunakicheka na chenyewe. Hatukujua kwamba kinakuja kukuchukua.

Ndipo ukaleta jambo lililotaka kukutoa mjini. Ulipiga marufuku salamu.

Hata sasa nikikumbuka nacheka. Mtu wa Miono anakuja hewani kusema lori la dawa limezama kwenye tope, naye anaanza shikamoo, unamwambia marahaba, habari za asubuhi, habari za tangu juzi, watoto hawajambo, wakubwa je, yule mzee mguu wake umepoa, mvua huko mnazipata, na kila swali lina jibu lake, na kila jibu ni sahani ya pilau. Anapofika kwenye lori, sauti imeshakuwa ya mbu. Hapo tena mimi ndiye wa kubeba betri. Ukasema basi. Kila alfajiri, hewa ikiwa imetulia na sauti ikisafiri kwa nguvu ndogo, Bagamoyo itawaamkia wote mara moja kwa niaba ya wote, na kila kituo kitajibu kwa kubonyeza mara mbili bila kusema neno. Tk, tk. Hiyo ndiyo marahaba. Baada ya hapo ni kazi tu.

Wazee wa mji wakaja kukushitaki! Bwana Omari, yule mwenye duka la vitambaa, alitetemeka kwa hasira, akasema tangu azaliwe hajapata kuona adabu inayobonyezwa. Ukamwambia, "Bwana Omari, adabu nimeiomba ikae kando kidogo, mgonjwa apite." Hakukuelewa. Alikwenda zake akisema ndiyo matokeo ya kumpa kazi mtu wa bara. Nami sikukutetea, nilikuongezea. Nikakubandika jina la Bwana Tk-Tk, na watoto wa mtaa wote wakalichukua. Ulikasirika siku mbili. Ya tatu ukaniitikia.

Ulipokufa, sheria yako ikafa. Haikuuawa na adui, mtani. Iliuawa na watu wanaokupenda.

Kiti chako alikalia Bakari, na Bakari unamjua, ukimkanyaga mguu anakuomba radhi yeye. Asubuhi ile baada ya maziko akafungua mashine, akawaamkia vituo kama ulivyomfundisha. Mapinga hawakubonyeza. Alisema mwalimu wa madrasa, kwa sauti nzito, kwamba anatoa rambirambi kwa niaba ya kijiji. Ilikuwa jambo jema, na kama lingeishia hapo nisingekuwa na cha kukuandikia. Lakini nyuma ya mwalimu alikuwa amesimama imamu, na nyuma ya imamu mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti hawezi kuonekana ametoa pole kwa mdomo wa mtu mwingine. Akasema imamu. Akasema mwenyekiti. Miono wakawasikia. Wakaona haya, kwamba Mapinga wametoa watu watatu na wao wametoa karani tu. Wakatuma watu mashambani kuwaita wazee. Na nani wa kumwambia mzee aliyeacha jembe lake akatembea na mkongojo mpaka kituoni, "Babu, pole yako imeshasemwa, rudi"? Wewe ungemwambia. Mwingine hayuko. Bibi mmoja wa Miono alisoma dua ndefu, ya haki, mpaka sisi huku tukainua mikono, akamaliza "Amin, ova," akampisha mwenziwe.

Pole haisemwi ikaachwa ikaning'inia. Inataka jibu. Bakari akawa anajibu yeye, mpaka mtu wa Miono akasema wao wangependa kumsikia mfiwa mwenyewe. Mfiwa yumo edani, hatoki nje. Unadhani walishindwa? Waliing'oa mashine mezani kwako, wakaivusha uani mpaka nyumbani kwenu, wakaiweka kwenye dirisha la chumba cha mkeo, waya wa juu ukavutwa juu ya paa la jikoni ukalegea kama kamba ya kuanikia nguo. Sauti ikawa hafifu. Bakari akaongeza nguvu ya mashine. Betri nilibeba mimi, nani mwingine? Ustadhi akauliza kama inafaa sauti ya mjane aliye edani kufika Miono, na mtu akamjibu kwamba sauti haikutoka mlangoni, imetoka dirishani. Hata ustadhi alicheka. Matanga yako yalikuwa na kicheko kingi, mtani. Ndiyo maana hakuna aliyeona.

Mama Tatu akashika kibonyezo kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika kitu kichafu. "Ahsanteni. Tumeshapoa." Akaachia. Akaja mwingine. "Tumeshapoa." Akaja mwingine tena. Mfiwa hawezi kumjibu mmoja akamwacha mwenziwe, watu wangesemaje? Mara nyingine alibonyeza akasahau kusema, akalia tu, na kilio kikaenda chote, mpaka vijiji vya mbali. Na kilio, Athumani, kinakula betri sawasawa na maneno.

Karibu na adhuhuri nikatazama mshale wa betri. Usije ukanisifu. Sikuwa na hekima yoyote siku ile, nilikuwa na mgongo tu. Betri inayokufa lazima niibebe, na nilikuwa nimekuchimbia kaburi jana yake. Nikasimama dirishani nikapiga kelele, "Basi! Nyamazeni nyote! Mnamla marehemu betri zake!"

Uani pote pakalipuka kicheko.

"Mtani kaanza!" mtu akasema. Mwingine akasema, "Mpeni kahawa huyo, ana njaa."

Nikasema wallahi sitanii, simu imejaa, pakitokea la kutokea hapana pa kupita. Wakazidi. Shemeji yako mmoja alijishika mbavu. Kwani mimi jana yake si nilikuwa nimelizuia jeneza? Mkeo akainua uso kwenye dirisha, macho yamevimba, akatabasamu. "Kondo, hata leo?" Nikaona lile tabasamu. Nikanyamaza. Nilidhani nimemfanyia jambo zuri.

Wakati huo kule Fukayosi Tatu alikuwa ameshikwa tangu alfajiri. Hakuja kukuzika kwa sababu siku zake zilikuwa zimekaribia na barabara ya masika haimfai mwenye mimba. Mkunga wa pale akampapasa, akasema mtoto amelala upande, mimi siwezi, aletwe gari. Selemani mumewe akakimbia kituoni. Betri ya Fukayosi ilikuwa imekwisha kuliwa, na wao walikuwa wametoa pole zao asubuhi, tena kwa fahari, kwa kuwa ndio wakwe. Imebaki ya kusikiliza. Kahawa ipo, pilau hakuna.

Basi akasikiliza. Hii aliniambia mwenyewe, tumekaa kwenye jiwe nyuma ya nyumba yake, hakuniangalia usoni. Alimsikia mkwewe, "Tumeshapoa, tumeshapoa." Akangoja aache nafasi. Nafasi ikija, Miono wameshaingia na ile nguvu yao. Akangoja tena. Anasema ulifika wakati hewa ikawa tupu kabisa, husikii mtu, na mkono wake uko juu ya kibonyezo. Akawaza: vijiji vyote vinasikiliza, na aliye kwenye mashine ni mama mkwe, yumo katika kilio cha mumewe, nami nitamke mbele ya watu wote hao mambo ya uzazi wa binti yake? Nianze vipi? Akawa anatafuta neno la heshima la kuanzia. Pumzi moja tu, labda mbili. Alipolipata na kubonyeza, Mapinga nao wakabonyeza, ukatoka ule mlio wa paka. Sisi huku tuliusikia. Bakari akasema, "Wawili wamegongana." Mkeo akangoja kwa adabu, Mapinga wakarudia, akawajibu. Fukayosi hawakurudia. Taa ya mashine yao ilikuwa imezimika.

Selemani akachukua baiskeli.

Aliingia uani kwako alasiri imekwisha, tope mpaka kiunoni, mnyororo wa baiskeli ameufunga kwa kitambaa. Na watu, Mungu awasamehe, wakainuka wote kwa furaha ya huzuni ile unayoijua. Mkwe kaja! Katoka Fukayosi kwa baiskeli, kwa njia ile, kwa mapenzi ya mkwewe! Wakampokea baiskeli, wakamkalisha mkekani, wakamtia maji ya kunawa, wakaanza kumpa pole. Mmoja mmoja. Mkono, pole, habari za huko, wazazi hawajambo. Naye kalelewa vizuri yule kijana. Tumeshapoa. Hawajambo. Marahaba. Nilimwona midomo inamcheza kati ya jibu na jibu, anatafuta pa kupenya, na kila akifungua kinywa anakuja mwingine na mkono wake.

Nikapiga kelele, "Mwacheni aseme!"

Wakacheka, mtani. Wallahi walicheka. Nikamrukia, nikamshika kola, nikamwinua, nikamwambia sema wewe, sema sasa hivi. Hapo ndipo kicheko kilipokatika, maana walidhani nimevuka mpaka wa utani. Akasema neno moja, "Tatu," na machozi yakamtoka. Wanawake ndani wakadhani amekufa. Wakaangusha kilio ambacho hata chako hakikufika, na ikabidi tungoje tena kilio kipungue ndipo asikike kwamba yu hai, bado yu hai, anataka gari.

Land Rover ya hospitali ilikuwapo. Ilikuwapo mchana kutwa, dereva wake amekaa mkekani kwako anakunywa kahawa.

Nilikwenda nayo. Nilibeba betri nzima mapajani, sijui kwa nini, mtu hajui cha kushika. Tulipofika, Tatu alikuwa hai. Mtoto alikuwa ametoka mwenyewe kwa tabu, mvulana, hakulia. Wamemzika kule kule kwao, nyuma ya nyumba ya Selemani. Nilishika jembe. Watu wengine walinitazama, wakingoja, unajua wanachongoja kwangu. Watani hatuna kazi kwenye kaburi la mtoto. Nilifukia nikanawa mikono.

Angekuwa na jina lako. Hilo walikuwa wameshakubaliana.

Mengine yaliyobadilika ni haya. Bakari amekuwa mkali, hutamjua. Mzee akianza shikamoo hewani anamkatia, na hakuna anayekwenda kushitaki. Kila alfajiri vituo vyote vinabonyeza, tk, tk, mmoja baada ya mwingine, nami nikiwa kibandani huku nazisikia zote. Wakubwa wametuletea betri nyingine, kubwa kuliko zile. Nilifurahi siku ya kwanza. Siku ya pili nikasikia Miono wanaulizana habari za mbuzi aliyepotea, kirefu, na rangi yake. Ukiwapa watu betri kubwa wanaongeza maneno, Athumani, ndoo zinanenepa na kamba ni ile ile. Sijui kama kuna mashine itakayotengenezwa iponye ugonjwa huo. Na wewe hukutuachia mwingine wa kusema hapana kama ulivyokuwa ukiisema, bila kupepesa.

Tatu yuko hapa mjini kwa mama yake, mwili umepona. Hamlaumu mtu. Nilimuuliza waziwazi, akaniambia, "Ami, nimlaumu nani? Wote walikuwa wanamlilia baba." Halafu akaenda kuchambua mchele. Anachambua mchele ule ule mara tatu.

Mkeo ndiye aliyeharibika.

Hajibu pole. Watu wanakuja na ya mjukuu, wanakaa, wanasema, yeye anatazama ukuta. Mjini wameanza kusema kwamba Bi Mwanaisha amepoteza adabu, mtu anaambiwa pole hata mdomo haufungui. Wengine wanasema ni wazimu wa eda. Hali vizuri. Anakaa mbali na dirisha lile. Juzi nilipeleka samaki, akaniita niingie, nikakaa kizingitini. Akaniuliza, sauti ya chini kabisa, "Kondo. Selemani alipokuwa akingoja, sauti aliyokuwa akiisikia ilikuwa yangu?"

Nikamwambia, "Shemeji, zilikuwa sauti za watu wote. Miono, Mapinga, wote."

"Lakini na yangu."

"Na yako. Na hata ungenyamaza wangeingia wengine. Si kosa lako, shemeji. Ulijibu ulichoambiwa."

Akanitazama. Nikaapa. Nimeapa kwa Mungu na kwa mama yangu, nikamwambia hata mkunga mwenyewe anasema hajui kama gari lingemwokoa yule mtoto, na ni kweli mkunga kasema hivyo, nilimuuliza nikamsikia kwa masikio yangu. Nikasema mengi. Sijapata kusema kweli nyingi namna ile kwa mkupuo mmoja maisha yangu yote. Na mkeo akatikisa kichwa, akasema, "We Kondo. Tangu nikujue hujanambia la kweli ila ukiwa na njaa. Acha kunibembeleza kwa utani wako."

Hakucheka. Ningependa angecheka.

Niliondoka, nikakaa kibandani humu, na tangu hapo nahesabu kwamba katika jambo hili nimesema kweli mara tatu: dirishani, mkekani, na kizingitini, na mara zote tatu wamesikia mzaha. Wa kulaumiwa ni mimi? Labda. Miaka yote nimewazoesha watu kwamba kinywa hiki hakina kazi nyingine.

Basi ombi langu ndilo hili. Nenda kwake. Ustadhi anasema wafu huwajia watu ndotoni kwa idhini, sasa iombe hiyo idhini, na ukinyimwa bishana, si ndiyo sanaa yako? Usimpe salamu ndefu. Mwambie tu kwamba si kosa lake. Wewe hukumbembeleza mtu hata siku moja, hata Bwana Omari na vitambaa vyake hukumbembeleza, hata yeye mwenyewe ulikuwa ukimwambia wali umeungua mbele ya wageni. Ukisema wewe, atasadiki.

Nami nakuahidi hili, na usicheke huko uliko. Sitatania tena nyumbani kwako. Nitaingia kama mtu aliyetoka mbali, nitakaa ninapokalishwa, nitakula kimya, nitasema linalohitajika tu na kuondoka. Watani wenzangu watadhani naumwa. Wakinikejeli sitawajibu. Nitafanya hivyo mwaka, nitafanya miwili kama nina miwili iliyobaki, mpaka siku nitakapomwambia mkeo, "Si kosa lako," naye asitafute kicheko nyuma yake. Kwa mtu kama mimi hiyo ni saumu isiyo na magharibi. Lakini nitafunga.

Mungu akulaze panapokustahiki, na kama hapakustahiki akulaze hapo hapo.

Nenda kwake, Athumani. Mimi hanisadiki.

Kondo